JIMI HENDRIX: KUTOKA UFAGIO HADI GITAA LA UMEME



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana, bendi ya wanafunzi ilitutumbuiza pale bwaloni. Muziki ulipokwisha, kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye ndiye mpiga gitaa la solo, alinijia nilipokuwa nimeketi na wazee wenzangu. Alinipa shikamoo, akakaa, kisha akaniuliza swali. Alikuwa amesikia kwamba hapo zamani nami nilipiga gitaa katika bendi ya shule hii. Basi alitaka kujua mambo mawili: kama ni kweli kwamba Jimi Hendrix alizaliwa anajua gitaa wala hakujifunza kwa mtu, na kama ni kweli kwamba pasipo madawa ya kulevya asingeweza kupiga vile alivyopiga.

Nilibaki kimya. Maneno hayo mawili nayafahamu sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiyahubiri bwenini mwaka 1975, tena kwa sauti kubwa, na ushahidi wangu wote ulikuwa santuri moja iliyokwaruzika. Kijana yule alistahili jibu lililotulia, si la kubahatisha. Ndiyo sababu nimeandika makala haya. Nitayaeleza maisha ya Hendrix tangu mwanzo hadi mwisho, na humo humo nitagusia jinsi muziki wa roki ulivyozaliwa na ulivyobadilika, kwani huwezi kumweleza mtu huyu bila kuueleza muziki wenyewe.

ROKI ILITOKA WAPI

Wengi hudhani roki ni muziki wa Wazungu. Sivyo. Mizizi yake iko kwa Watu Weusi wa kusini mwa Marekani, hasa katika mashamba ya pamba ya Mississippi, ambako bluzi iliimbwa kwa gitaa la kawaida lisilo la umeme. Maisha ya huko yalikuwa ya dhiki na ubaguzi, na maelfu kwa maelfu ya watu walihamia miji ya viwanda ya kaskazini. Mmoja wao alikuwa Muddy Waters, aliyefika Chicago mwaka 1943. Katika vilabu vya mji ule watu walizungumza na kucheka kwa kelele, na gitaa la kawaida halikusikika. Basi akashika gitaa la umeme. Bluzi ikabadilika, ikawa nzito na kali, yenye kusikika mpaka barabarani.

Katikati ya miaka ya hamsini muziki huo ulitiwa mwendo wa haraka, ukaitwa rokenroli. Chuck Berry wa St. Louis na Little Richard wa Georgia, wote Watu Weusi, walivuma mwaka 1955. Elvis Presley, kijana wa Kizungu aliyekua akizisikia nyimbo za Weusi, alikuwa amekwisha anza kurekodi mjini Memphis mwaka 1954, naye akaufikisha mtindo huo kwa mamilioni ya Wazungu wenzake. Ng'ambo ya bahari, vijana wa Uingereza walizitafuta santuri hizo na kujifunza kila mlio uliomo. Kundi la Rolling Stones lilichukua hata jina lake kutoka katika wimbo wa Muddy Waters. Ilipofika mwaka 1964 Waingereza, wakiongozwa na Beatles, walikuwa wakiwauzia Wamarekani muziki uliotoka Marekani yenyewe. Jambo hilo lishikeni, ndugu zangu, maana tutalihitaji mbele.

UTOTO WA SHIDA

Hendrix alizaliwa tarehe 27 Novemba 1942 katika mji wa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Jina alilopewa kwanza ni Johnny Allen. Mama yake, Lucille, alikuwa na umri wa miaka 17 tu, na baba yake, Al, alikuwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtoto alilelewa huku na huku, mikononi mwa watu mbalimbali. Baba aliporudi alimchukua mwanawe, na mwaka 1946 akambadilisha jina, akamwita James Marshall. Nyumba yao haikuwa na raha. Wazazi walikunywa pombe, wakagombana, na mwaka 1951 wakaachana. Mama alifariki dunia mwaka 1958, kijana akiwa na miaka 15, na wala yeye na mdogo wake Leon hawakupelekwa mazikoni.

Mtoto huyu alikuwa mpole, tena mwenye haya nyingi. Shuleni alizoea kubeba ufagio, akiushika kama gitaa. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa shule aliliona jambo hilo, akaandika kuomba fedha ili anunuliwe gitaa, akionya kwamba kumnyima kungeweza kumuumiza rohoni. Ombi halikufaulu, na baba naye alikataa kununua.

Mwaka 1957, alipokuwa akimsaidia baba yake kuondoa takataka katika nyumba ya bibi mmoja mzee, aliokota ukulele, yaani kigitaa kidogo, kilichobakiwa na uzi mmoja. Kwa uzi ule mmoja alizifuata nyimbo za Elvis, sauti moja baada ya nyingine, mpaka akazipata. Mwaka uliofuata alipata gitaa la kawaida kwa dola 5. Mwalimu wa darasani hakuwa naye. Walimu wake walikuwa santuri za Muddy Waters, B.B. King na Howlin' Wolf, pamoja na wapiga gitaa wakubwa wa mtaani kwao, ambao aliwatazama vidole na kuwauliza asichokijua. Mwaka 1959 hatimaye baba alikubali kumnunulia gitaa la umeme.

Hapo pana tatizo lingine ambalo wengine wangelifanya kisingizio. Hendrix alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na magitaa yaliyopatikana yalikuwa ya mkono wa kulia. Yeye aliligeuza gitaa juu chini, akafungua nyuzi zote na kuzifunga upya ili uzi mnene ukae juu panapostahili. Kwa namna hiyo ndivyo alivyopiga mpaka mwisho wa maisha yake.

Msidhani kwamba alianza kwa kushangiliwa. Onyesho lake la kwanza na bendi lilikuwa chini ya sinagogi moja pale Seattle. Kwa kujionyesha kupita kiasi, alifukuzwa kabla ya sehemu ya pili ya onyesho. Na lile gitaa la umeme alilolingojea miaka mingi aliliacha usiku mmoja katika ukumbi wa dansi, likaibiwa. Baba akanuna, lakini baadaye akamnunulia jingine.

JESHINI NA BARABARANI

Masomo ya sekondari hakuyamaliza. Mwaka 1961 polisi walimkuta mara mbili ndani ya magari ya wizi, akatakiwa achague jela au jeshi. Alichagua jeshi, akapelekwa Fort Campbell, Kentucky, katika Divisheni ya 101 ya askari wa miavuli. Aliruka na mwavuli kama wenzake, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye muziki, na haukupita muda aliandika nyumbani aletewe gitaa lake. Siku moja askari mwingine, Billy Cox, alikuwa akipita nje ya ukumbi wa askari, akasikia gitaa likilia ndani kwa namna ambayo hakupata kuisikia. Akaingia, akajitambulisha kwamba yeye anapiga besi. Urafiki wao ulidumu hadi kifo. Mwaka 1962 jeshi lilimwachisha Hendrix kabla ya muda wake kwisha, wakubwa wake wakiwa wamekwisha kata tamaa naye.

Sasa, vijana, sikilizeni sehemu hii kwa makini, maana ndiyo ambayo sisi wa bweni la zamani hatukuwa tukiijua. Toka mwaka 1962 hadi 1966, miaka minne mizima, Jimi Hendrix alikuwa mpiga gitaa wa nyuma katika bendi za watu wengine. Yeye na Cox walianzia Nashville, na wenzake wa mji ule wamesimulia kwamba alishinda na gitaa, hata kwenda nalo sinema, mpaka wakamwona kama aliyerukwa na akili. Kisha alizunguka katika vilabu na kumbi za Watu Weusi, ambazo siku zile za ubaguzi zilikuwa mahali pekee palipowapokea wanamuziki wengi wa rangi yake. Huko alijifunza mambo ambayo baadaye dunia ilidhani ameyabuni mwenyewe. Kupiga gitaa kwa meno, kwa mfano, alikuona kwa mpiga gitaa mwenzake huko huko Tennessee. Kulipitisha nyuma ya kichwa ulikuwa mchezo wa zamani wa watu wa bluzi.

Mwanzoni mwa mwaka 1964 alihamia Harlem, New York. Alishinda zawadi ya kwanza katika shindano la wanaojifunza kwenye ukumbi wa Apollo, lakini ushindi huo haukumpatia kazi ya kudumu. Baadaye aliajiriwa na kundi la Isley Brothers, wakamkaribisha hata kuishi nyumbani kwao. Ndani ya nyumba ile alikuwamo mdogo wao, Ernie, mtoto wa shule, ambaye alimtazama mgeni akifanya mazoezi siku baada ya siku. Jina la mtoto huyo likumbukeni, nitarudi kwake.

Kisha akafanya kazi na Little Richard. Katika bendi za namna hii sheria ilikuwa kali: wapigaji wote suti za namna moja, hatua za namna moja, na asiwepo wa kumfunika mwenye bendi. Hendrix alivaa mashati ya madoido na kuchelewa gari la safari, na mwaka 1965 akapoteza kazi. Alikuwa hana fedha, mara nyingine hana hata gitaa. Katika hali hiyo, mwezi Oktoba mwaka ule, alitia sahihi mkataba wa kurekodi wa miaka mitatu kwa malipo ya dola 1 pamoja na asilimia 1 ya mauzo. Akaenda zake akausahau. Mkataba haukumsahau, kama tutakavyoona.

LONDON

Katikati ya mwaka 1966 aliunda kikundi chake mwenyewe, akawa anapiga katika mkahawa uitwao Cafe Wha? mtaa wa Greenwich Village, New York. Msichana mmoja Mwingereza, Linda Keith, alimsikia, akashangaa kwamba hakuna anayemjali. Akawaita watu wa kazi ya muziki waje wamsikilize. Wawili wa kwanza hawakuona kitu. Wa tatu alikuwa Chas Chandler, mpiga besi wa kundi la Animals la Uingereza, ambaye alitaka kuacha kupiga awe meneja. Chandler alikuwa akitafuta mtu wa kuurekodi wimbo uitwao Hey Joe. Alipoingia, Hendrix alikuwa akiupiga wimbo huo huo.

Tarehe 24 Septemba 1966 Hendrix alishuka London. Kabla ya kukubali safari aliuliza kama atakutanishwa na Eric Clapton, mpiga gitaa aliyekuwa akisifiwa kuliko wote Uingereza. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Oktoba, alipandishwa jukwaani na kundi la Clapton liitwalo Cream, akapiga wimbo wa Howlin' Wolf kwa kasi ambayo Clapton mwenyewe alikuwa hajaiweza. Clapton aliacha kupiga, akaondoka jukwaani akiwa ameduwaa.

Sasa kumbukeni lile jambo nililoomba mlishike. Vijana wa London walikuwa wamejifunza bluzi kutoka kwenye santuri, nao walijifunza vizuri. Lakini huyu aliyewajia aliipokea mikononi mwa wenyewe, kwa miaka minne ya kupiga kila usiku, na juu yake akaongeza mambo ambayo wenyewe hawakuwa wameyafikiria. Muziki ulitoka Marekani kwa Watu Weusi, ukaenda Uingereza, na Mtu Mweusi akaufuata huko ili Wamarekani wapate kumsikia.

Chandler aliuza magitaa yake ya besi ili kugharimia kazi. Jina la Jimmy likaandikwa Jimi. Wakapatikana vijana wawili wa Kiingereza: Noel Redding, aliyekuja kutafuta kazi ya gitaa akapewa besi, na Mitch Mitchell wa ngoma, aliyepatikana kwa kurusha sarafu kwa sababu wapiga ngoma wawili walilingana. Kundi likaitwa The Jimi Hendrix Experience. Hey Joe ilitoka Desemba 1966, ikafika nafasi ya 6 Uingereza. Purple Haze ya Machi 1967 ikafika nafasi ya 3. Santuri ndefu ya kwanza, Are You Experienced, ilitoka Mei 1967, ikashika nafasi ya pili, na walioizuia kushika ya kwanza walikuwa Beatles.

Mwezi Juni alirudi Marekani. Katika tamasha la Monterey, California, tarehe 18 Juni 1967, alimaliza kwa kulimwagia gitaa mafuta ya kiberiti cha gesi na kulichoma moto mbele ya watu. Picha hiyo ndiyo tuliyoibandika kwenye kabati la bwenini. Kwa hakika ilikuwa picha yenye kupotosha. Ilituonyesha moto, haikutuonyesha mazoezi.

Umaarufu nao una vichekesho vyake. Mwezi uliofuata mameneja walimpeleka safari na kundi la Monkees, lililopendwa na wasichana wadogo wa shule. Akina mama waliowasindikiza binti zao walikodoa macho, watoto wakapiga kelele za kuwataka Monkees wao, na baada ya maonyesho machache Hendrix akajitoa.

JINSI MLIO ULE ULIVYOPATIKANA

Wapiga gitaa wa shule watapenda kujua siri. Mnajua kwamba kipaza sauti kikisogezwa karibu na spika hupiga ukelele wa kuumiza masikio. Sababu ni kwamba sauti inayotoka katika spika huingia tena katika kipaza sauti, ikatoka, ikaingia, ikikua kila mara. Na gitaa la umeme ni hivyo hivyo: sauti kubwa ya spika huutikisa uzi hata pasipo kuguswa. Kwa watu wote hilo lilikuwa kosa la mitambo. Wachache walikuwa wamekwisha anza kulichezea. Hendrix alilifanya ala kamili. Alijua asimame wapi, ageuze gitaa upande gani, ili mlio ule utoke kwa sauti anayoitaka na udumu kwa muda anaoutaka.

Alitumia magitaa aina ya Stratocaster na amplifaya kubwa za Marshall, ambazo fundi wake, Jim Marshall, kwa bahati alikuwa na majina yanayofanana na ya James Marshall Hendrix. Miguuni aliweka vijisanduku vya umeme: kimoja cha kuifanya sauti ikwaruze, kimoja cha kuifungua na kuifunga kama kinywa cha mtu kinachosema wa-wa. Vile vile alitumia kidole gumba cha mkono wa kulia, kwa kukipitisha juu ya shingo ya gitaa, kubana nyuzi nene, na hivyo vidole vinne vikabaki huru kupamba. Ndiyo sababu mtu mmoja alisikika kama wawili, wa ridhimu na wa solo kwa pamoja.

Santuri yake ya pili ilitoka Desemba 1967, na ya tatu, Electric Ladyland, ilitoka Oktoba 1968 ikashika nafasi ya kwanza Marekani. Humo utasikia bluzi ya Muddy Waters imekaa jirani na milio ya anga za juu. Katika siku zile aliishi London, namba 23 Brook Street, jirani kabisa na nyumba aliyoishi Handel, mtunzi mkuu wa muziki aliyefariki mwaka 1759. Leo nyumba zote mbili ni makumbusho.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 18 Agosti 1969, katika tamasha la Woodstock, wengi wa watu waliohudhuria wakiwa wamekwisha kwenda zao, aliupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa peke yake, bila maneno. Katikati ya wimbo gitaa lililia kama ving'ora na mabomu yanayoanguka. Wakati huo vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea, na divisheni aliyoitumikia ilikuwa vitani huko. Wako waliosema ametukana bendera. Wako waliosema hakuna aliyeieleza nchi yao vizuri zaidi asubuhi ile. Mimi naona kwamba askari wa zamani alikuwa na haki ya kusema neno lake, na akalisema kwa chombo alichokijua.

MWISHO WAKE

Kundi la Experience lilikuwa limevunjika Juni 1969. Hendrix alitaka kubadilika. Watazamaji walitaka meno na moto, naye alikuwa amechoka na mambo hayo. Usiku wa mwaka mpya wa 1970 alipiga New York na rafiki yake wa jeshini, Billy Cox, na Buddy Miles wa ngoma, wote watatu Watu Weusi, muziki wenye mdundo mzito wa dansi. Lakini santuri iliyotokana na usiku ule hakuitoa kwa hiari. Ilibidi aitoe ili kumaliza kesi ya ule mkataba wa dola 1, kwa maana mwenye mkataba alijitokeza mara tu alipoona jina limekuwa kubwa. Vijana, msitie sahihi karatasi msiyoisoma.

Alijenga studio yake mwenyewe New York, Electric Lady, iliyofunguliwa tarehe 26 Agosti 1970. Gharama zilikuwa kubwa, na ili kuzilipa ilimpasa kusafiri na kupiga, kupiga na kusafiri. Alikuwa akitumia madawa ya kulevya na pombe kwa muda mrefu. Mwaka 1969 alikamatwa na madawa kwenye uwanja wa ndege wa Toronto, ingawa mahakama ilimwachilia. Usingizi ulimkimbia. Mara tu baada ya kuifungua studio alipanda ndege kwenda Ulaya. Tarehe 6 Septemba alipiga kisiwani Fehmarn, Ujerumani, katika mvua na vurugu, na hilo likawa onyesho lake la mwisho.

Tarehe 18 Septemba 1970, mjini London, alifariki dunia. Alikuwa amemeza vidonge vya usingizi vingi kupita kipimo, akatapika akiwa hana fahamu, akapaliwa. Afisa aliyechunguza kifo aliuacha uamuzi wazi. Alikuwa na umri wa miaka 27. Alizikwa Renton, karibu na Seattle, mji alikobeba ufagio. Hakuacha wosia, na ugomvi wa mali yake uliendelea mahakamani kwa miaka mingi baada yake.

ALIOWAACHIA

Tangu santuri yake ya kwanza hadi kifo chake ni miaka isiyotimia minne. Katika muda huo gitaa la umeme lilipata lugha mpya. Makundi ya roki nzito ya miaka ya sabini yalijenga juu ya msingi alioshiriki kuuweka. Jirani zetu wa Zambia walipounda roki yao wenyewe katika miaka hiyo ya sabini, magitaa yao yalikwaruza kwa sauti mliyoisikia kwake. Na yule mtoto Ernie Isley, aliyekuwa akimtazama mgeni wa nyumbani kwao akifanya mazoezi? Mwaka 1973 alipiga solo katika wimbo That Lady wa kaka zake. Isikilizeni, mtajua mara moja ni nani aliyemfundisha, ingawa hakumfundisha kwa darasa.

JIBU LANGU

Sasa namjibu kijana wa kidato cha tatu.

Swali la kwanza. La hasha, hakuzaliwa anajua. Toka uzi mmoja wa mwaka 1957 hadi London mwaka 1966 ni miaka tisa. Katika miaka hiyo alifukuzwa, aliibiwa, alipiga nyuma ya watu ambao wengine wao leo hawakumbukwi, na alijifunza kwa kila aliyekutana naye. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi. Lakini bluzi ya zamani aliijua kwanza, ndipo akaweza kuibadilisha. Anayetaka kuuvunja mtindo wa wazee bila kuujua atavunja gitaa tu.

Swali la pili ni zito kwangu. Katika bendi yetu ya shule alikuwako mpiga besi, kijana mwenye masikio mazuri kuliko sisi sote. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba Hendrix alipiga vile kwa sababu ya kuvuta, na kwamba nasi tukitaka kufika huko njia ndiyo hiyo. Niliyasema hayo bila kujua chochote, kwa kutaka kuonekana mjuzi. Yeye aliniamini. Alikutwa na bangi, akafukuzwa shule muhula mmoja kabla ya mtihani. Mimi sikukutwa na kitu, nikamaliza. Sikupata kusimama mbele ya mtu yeyote nikasema kwamba maneno yalikuwa yangu.

Ukweli ni kwamba vidole vya Hendrix vilifundishwa na miaka ile tisa. Madawa hayakumpa hata mlio mmoja. Yalichompa ni kaburi akiwa na miaka 27, studio yake mpya ikiwa haijatimiza mwezi mmoja, na nyimbo zikiwa kwenye kanda zikimngoja azimalize.

Mwezi uliopita nilisafiri kwenda kumtembelea mwenzangu yule. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama lile gitaa la besi la shule bado lipo. Nikamwambia kwamba lipo stoo, shingo imepinda na nyuzi hakuna. Akasema yeye ni seremala siku hizi, na shingo iliyopinda anaiweza.

Kwa hiyo, ndugu wahitimu, nina ombi moja. Katika mkutano wetu ujao atakuja naye, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Naiomba kamati imwandikie barua ya kumwalika rasmi, na wenye uwezo wachangie nyuzi za magitaa, seti nne za solo na ridhimu na mbili za besi. Fundi tayari tunaye.

Wasalaam,
Mhitimu wenu wa mwaka 1976.